Maswali ya Wasomaji: Ardhi ya Viwanda vya Zamani Kando ya Ziwa

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja. Viwanda vilivyokufa kando ya Ziwa Viktoria na kando ya Mto Nile vimeacha viwanja vikubwa, na viwanja hivyo sasa vinatamaniwa na watu wengi kwa sababu nyingi. Walioandika wanaishi Jinja na katika vitongoji vya Luzira na Port Bell jijini Kampala. Nimechagua barua chache, nimefupisha salamu, na nimejibu kwa urefu unaotofautiana kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani uzito.

*Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa kuchomelea, nakaa Walukuba, Jinja. Karibu na kwetu upo uwanja wa kiwanda cha zamani unaoelekea ziwani, umezungushiwa mabati kwa miaka mingi. Sasa tunaambiwa patajengwa nyumba za ghorofa, hoteli na bustani ya watoto. Marehemu baba yangu alifanya kazi kiwandani humo, na alikuwa akituambia kwamba ardhi ile imekunywa dawa. Je, watu wanaweza kuishi pale salama?*

Ndugu yangu, Mungu amrehemu mzee wako. Alichokisema ndicho ambacho mpimaji makini angetaka kukisikia kabla hajachimba hata shimo moja, kwa sababu habari za kiwanda hukaa zaidi vichwani mwa waliofanya kazi humo kuliko katika makabrasha ya ofisini. Jibu langu ni kwamba inawezekana kabisa watu wakaishi pale salama, ila hakuna anayeweza kukuhakikishia hilo kwa kuutazama uwanja kwa macho, awe mhandisi, diwani au mwekezaji.

Tukumbuke Jinja ilivyokuwa. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, umeme wake ulivuta viwanda vya nguo, vya chuma, vya ngozi, vya mafuta ya kula na vya sabuni. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese, na shaba ya migodi ya Kilembe, jirani na Kasese, ikaanza kuletwa Jinja ili iyeyushwe. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 na uchumi kuyumba, viwanda vingi vilififia kimoja baada ya kingine, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ya shaba nayo ilikuwa imekwisha. Milango ilifungwa, wafanyakazi wakatawanyika, lakini vilivyokuwa vimekwisha kumwagika ardhini vilibaki pale pale, na vingine havitaondoka vyenyewe hata wajukuu wetu wakizeeka.

Kila kazi huacha alama yake. Kuyeyusha shaba huacha mabaki meusi, mazito, yenye ncha kali, ambayo ndani yake mna shaba, zinki, kobalti, na mara nyingine risasi na aseniki. Kutengeneza ngozi huacha kromi. Viwanda vya nguo hutumia magadi makali na rangi za kemikali. Karakana za reli na bohari za mafuta huacha dizeli na vilainishi vilivyonywea ardhini, na mataruma ya zamani yalilowekwa kreosoti ili yasiliwe na mchwa. Transfoma za zamani mara nyingi zilijazwa mafuta yenye kemikali za PCB, ambazo haziozi kwa urahisi na hujikusanya katika mafuta ya samaki, na kutoka hapo humfikia mlaji. Tusisahau mapaa ya asbesto, ambayo hayana madhara makubwa yakiwa mazima juu ya jengo, lakini huwa hatari kubwa siku yanapovunjwavunjwa kwa nyundo na vijana wasio na barakoa.

Ndiyo maana uchunguzi wa kweli huanza kwa kuzungumza na wazee na kutafuta ramani za zamani, kisha ndipo mashimo ya majaribio huchimbwa. Ukisimama kando ya shimo la namna hiyo lenye kina cha mita mbili katika uwanja wa kiwanda, utaona historia imepangwa kwa tabaka: juu kuna kifusi cha matofali na zege, chini yake tabaka jeusi la mabaki ya tanuri ambalo mtu alilitandaza zamani ili kusawazisha uwanja, kisha udongo wa mfinyanzi wa kijivu wenye harufu ya mafuta ya taa, na mwisho maji yanayochuruzika kutoka pembeni yakiwa na utando wa rangi rangi juu yake. Sampuli huchukuliwa kutoka kila tabaka, na maji hupimwa mara kadhaa, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kwa sababu kipimo kimoja cha siku moja hakisemi mengi.

Sumu iliyo ardhini haimdhuru mtu mpaka ipate njia ya kumfikia. Njia hizo zinajulikana: vumbi linalovutwa, mikono ya mtoto anayecheza chini kisha akala bila kunawa, maji ya kisima, mboga zilizooteshwa hapo, na mvuke wa mafuta unaopenya sakafu na kujaa chumbani. Kando ya ziwa ipo njia nyingine, ambayo ni ziwa lenyewe, kwani maji ya chini ya ardhi hapo hayako mbali na uso, na hutembea polepole kuelekea kwenye maji tunayokunywa na samaki tunaowala.

Dawa ya ardhi huchaguliwa kulingana na njia inayotakiwa kuzibwa. Mara nyingine udongo huchimbwa na kuhamishwa, ingawa hapo lazima uulize unapelekwa wapi, kwa sababu malori yaliyobeba risasi kutoka Walukuba na kuimwaga kijijini kwa wengine hayajasafisha kitu. Mara nyingine udongo mchafu hufunikwa kwa mfinyanzi ulioshindiliwa, kisha kwa udongo safi wenye unene wa kutosha, na pakawekwa sharti la kudumu kwamba hapachimbwi. Metali huweza kufungwa kwa saruji au chokaa zisitembee na maji. Mafuta huweza kuliwa na bakteria wa udongo wakipewa hewa na rutuba. Ndivyo ilivyofanyika Seattle, Marekani, ambako kiwanda cha zamani cha gesi ya makaa ya mawe ufukweni mwa ziwa kiligeuzwa kuwa bustani ya umma iliyofunguliwa mwaka 1975, minara yake ya chuma ikiachwa imesimama. Pamoja na sifa zote za bustani ile, uchafu wake haukuisha kwa mara moja, na udongo na matope ya pale yameendelea kufuatiliwa kwa miongo kadhaa.

Kinyume chake ni Love Canal, katika mji wa Niagara Falls, Marekani. Kampuni ya kemikali ilifukia takataka zake zipatazo tani 21,000 katika mfereji wa zamani kati ya mwaka 1942 na 1953, ikafunika kwa udongo, kisha ardhi hiyo ikakabidhiwa bodi ya elimu kwa dola moja. Shule ikajengwa, na nyumba zikafuata. Mwaka 1978 serikali ilitangaza hali ya hatari na mamia ya familia wakahamishwa. Bodi iliambiwa kilichokuwa chini, kwani hati ya makabidhiano ilitaja kemikali hizo, lakini ujenzi uliendelea.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mpango unaoanza na picha ya majengo umeanzia mwisho. Ninyi wakazi mnayo haki ya kudai mambo mahususi. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 na kanuni za mwaka 2020 zinataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari za kimazingira na kijamii, na Mamlaka ya mazingira, NEMA, ndiyo inayoipitisha. Ombeni kuiona ripoti hiyo. Ndani yake tafuteni ramani inayoonyesha mashimo yalichimbwa wapi, kwa kina gani, na matokeo ya kila shimo. Maabara ya Serikali iliyoko Wandegeya na maabara za Chuo Kikuu cha Makerere ni miongoni mwa sehemu zenye wataalamu wa vipimo vya namna hii. Kisha angalieni bustani ya watoto imepangwa wapi. Uwanja mmoja huwa na pembe safi na pembe chafu, na mpangaji mwenye busara huweka maegesho ya magari na magodauni juu ya pembe chafu iliyofunikwa, na huwapa watoto ile iliyo safi. Nimeona michoro iliyofanya kinyume, kwa sababu tu pembe chafu ndiyo iliyokuwa na mandhari nzuri ya ziwa.

*Mhariri mpendwa, mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, nyumbani ni Luzira. Wenzangu wanasema kwamba kama tunataka ardhi kando ya ziwa, njia rahisi ni kujaza mafunjo kwa kifusi, kama miji mingine duniani ilivyojaza bahari. Kuna ubaya gani?*

Mwanangu, ubaya wa kwanza utauona kwenye bomba la maji nyumbani kwenu. Maji machafu ya sehemu kubwa ya Kampala hushuka kwa mfereji wa Nakivubo, hupita katika kinamasi chenye jina hilo hilo, kisha huingia Ghuba ya Murchison, na ni katika ghuba hiyo hiyo, upande wa Ggaba, ambako mitambo ya maji ya jiji imekuwa ikivuta maji tangu enzi za ukoloni. Mafunjo yaliyoko katikati ni kama chujio la chai: hupunguza mwendo wa maji, tope likatua, mizizi ikanyonya naitrojeni na fosforasi, na vijidudu vingi vikafa njiani. Kila eneo linalojazwa kifusi huongeza kazi na gharama ya dawa kwenye mitambo, na gharama hiyo hulipwa na kila mwenye ankara ya maji, hata aishie Kawempe ambaye hajawahi kukanyaga ufukweni.

Ubaya wa pili ni tabia ya ziwa. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Viktoria, kiasi cha asilimia 80, hutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, na sehemu kubwa hurudi hewani kama mvuke. Njia pekee ya kutokea ni Nile, pale Jinja. Ziwa la namna hiyo hupanda na kushuka. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita mbili na kufikia mita 13.41 kwenye kipimo cha Jinja. Mwaka 2006 lilishuka sana. Mei 2020 likafika mita 13.42, na wote tuliona hoteli, nyumba na mialo ikiingiliwa na maji, visiwa vya mafunjo vikielea na kuziba njia za meli, na mwaka 2024 mafuriko yakarudi. Waliojenga katika miaka ambayo maji yalikuwa chini walidhani wameuona mpaka wa ziwa.

Sheria yetu ilikuwa imekwisha kuliona hilo. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu vinamasi, kingo za mito na fukwe za maziwa zinahifadhi mita 200 kutoka alama ya maji ya chini kwenye Ziwa Viktoria, na mita 100 kwenye kingo za Nile kati ya Ziwa Viktoria na Ziwa Albert. Hailazimu ukanda huo uwe pori lisilokanyagwa. Unaweza kuwa na njia ya miguu, miti ya kienyeji, viwanja vya kuchezea ambavyo havipati hasara vikilowa kwa wiki mbili, na mafunjo yaliyorudishwa mahali yalipong'olewa. Majengo ndiyo yakae nyuma.

Kuhusu miji mingine, wenzako wametaja nusu ya habari. Hamburg, Ujerumani, imejenga mtaa mzima uitwao HafenCity, wenye ukubwa wa hekta 157, katika bandari yake ya zamani. Hawakuleta uzio mrefu wa kuzuia maji wala hawakujaza mto. Walichofanya ni kuinua misingi ya majengo na barabara hadi kati ya mita nane na tisa juu ya usawa wa bahari, na kuacha vijia vya chini kabisa kando ya maji vifurike kila dhoruba inapokuja. Nakushauri usome habari za mji huo kama mhandisi, ukijiuliza maji yataruhusiwa kwenda wapi, kwa kuwa swali hilo ndilo ninaloliona likikosekana katika michoro mingi inayopendekezwa kwetu.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mjane, naanika mukene (dagaa wa ziwani) mwaloni Masese, Jinja. Mwanangu ndiye ananiandikia. Tumesikia kwamba ufukwe utapendezeshwa, na kwamba wenye mitumbwi, waanikaji na wauza chai tutaondolewa kwa sababu tumo ndani ya eneo la hifadhi ya ziwa. Sina hati ya ardhi. Je, nina haki yoyote?*

Mama, pokea heshima zangu. Nianze na hilo la hifadhi. Mita 200 hazikuandikwa kwa ajili ya wenye mitumbwi peke yao. Mtu akikutaka uondoke kwa sababu hiyo, muulize kwa adabu ni nini kitakachowekwa mahali pako. Kama ni mafunjo na miti, hoja yake ina uzito, na mzungumze kuhusu mahali mbadala. Kama ni hoteli au nyumba za kupangisha, basi sheria anayokusomea inamhusu na yeye. Ibara ya 237 ya Katiba ya mwaka 1995 inasema kwamba maziwa ya asili, mito na vinamasi vinashikwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote. Havipaswi kugawiwa mtu mmoja awe ndiye mwenye ziwa.

Kuhusu haki yako binafsi, kukosa hati si kukosa kila kitu. Ibara ya 26 inalinda mali ya mtu na inataka fidia ya haki, ya kutosha, itolewe kabla mali haijachukuliwa kwa nguvu ya serikali. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamtambua pia mtu aliyekaa kwenye ardhi iliyosajiliwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila mwenyewe kumpinga. Sijui ulianza lini wala ardhi ya mwalo wenu imesajiliwa vipi, kwa hiyo usitegemee gazeti katika hilo. Mwende kwa pamoja, wewe na wenzako, kwa mwanasheria wa msaada, mkiwa na chochote kinachoonyesha mmekuwa hapo: stakabadhi za ushuru wa mwalo, kadi za kikundi, barua ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa.

Lakini fidia pekee haitakutosha, kwani unachopoteza ni kazi na si kibanda. Hapa ndipo ninapotaka wapangaji wa mji wanisikilize. Waanikaji wa mukene wanahitaji mambo matatu ambayo mchoro wa kupendezesha ufukwe huyaua bila hata kukusudia: jua la kutwa, upepo, na umbali mfupi kutoka mtumbwi ulipotia nanga. Jengo la ghorofa sita likisimama upande wa mashariki wa uwanja, kivuli chake cha asubuhi hula saa za kwanza za kuanika, na mukene usiokauka siku ile ile huanza kunuka na kuporomoka bei. Mukene unaoanikwa mchangani huchanganyika na kokoto na mwisho wake huuzwa kama chakula cha kuku. Ule ule ukitandazwa kwenye kichanja cha nyavu kilichoinuliwa usawa wa kiuno, hewa ikipita juu na chini, hukauka safi na kununuliwa kwa chakula cha watu. Vichanja, sakafu inayooshwa, choo, maji ya bomba na banda la mvua ni gharama ndogo ukilinganisha na ukuta mmoja wa maegesho ya hoteli. Kama mpango wa ufukwe hauwezi kuwa na nafasi ya vichanja, mimi siuhesabu kuwa ni mpango endelevu, hata ukiwa na taa za jua kila kona.

Wapo waliofaulu kuviunganisha. Cape Town, Afrika Kusini, ilianza mwaka 1988 kugeuza sehemu ya bandari yake ya zamani kuwa eneo la maduka na matembezi, lakini mashua za uvuvi bado hutia nanga hapo, na chelezo ya mwaka 1882 bado hutengeneza meli mbele ya wageni wanaokunywa kahawa. Wapo pia walioshindwa. Bandari za zamani za London zilipokabidhiwa shirika maalumu mwaka 1981, ofisi ndefu zilipanda, lakini wakazi wengi waliokuwa wakiishi kwa kazi za gati walilalamika kwamba ajira mpya hazikuwa zao na nyumba mpya hawakuzimudu. Shirika hilo lilifungwa mwaka 1998. Malalamiko yalidumu kuliko shirika.

Jambo la kufanya sasa, Mama, ni kuuliza ofisi ya mipangomiji ya jiji la Jinja kama rasimu ya mpango imewekwa hadharani. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 inaitaka ioneshwe kwa wananchi na maoni yao yapokelewe kwa maandishi. Andikeni kama kikundi, si mmoja mmoja, mtaje idadi ya vichanja, mitumbwi na vibanda, na mchore wenyewe, hata kwa kalamu ya risasi, mahali jua linapoanzia na upepo unapotokea. Bakini na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mstaafu wa reli. Naona magodauni ya zamani karibu na gati yanabomolewa ili vyuma viuzwe. Je, hakuna faida ya kuyabakiza?*

Mzee wangu, ipo. Godauni la matofali lenye paa refu na madirisha ya juu ni jengo lililokwisha kugharimiwa. Matofali yake yamechomwa tayari, chuma chake kimeyeyushwa tayari, na kulibomoa ni kulipa mara ya pili kwa kuni, saruji na usafiri. Hufaa kwa soko, karakana za vijana, maktaba au ukumbi, baada ya kuondoa asbesto kwa utaratibu. Malmö, Sweden, ni mfano wa majuto: kreni kubwa ya kiwanda chake cha meli iliuzwa kwa dola moja, ikasafirishwa hadi Korea Kusini mwaka 2002, na watu wa mji huo walisimama kuitazama ikiondoka wakilia.

Ninachokuomba wewe na wastaafu wenzako ni kupigania pia njia ya reli yenyewe. Ukanda wa reli ukishagawiwa viwanja haurudi tena. Port Bell bado hupokea mabehewa yanayovushwa ziwani kutoka Mwanza, na tani moja ikipita majini au relini ni tani moja iliyopungua kwenye malori ya barabara ya Jinja. Mji wa ufukweni usiue bandari iliyo hai kwa ajili ya mandhari ya bandari.

*Mhariri, mimi ni diwani. Yote haya ni mazuri, lakini halmashauri haina fedha. Nani atalipa gharama za kusafisha?*

Mheshimiwa Diwani, sheria ya mwaka 2019 inasema anayechafua ndiye alipaye. Tatizo, kama unavyojua, ni kwamba mchafuzi mara nyingi hayupo: kampuni ilikufa, au mali ilipitia mikononi mwa Bodi ya Mali za Waasia Walioondoka, ikauzwa na kuuzwa tena. Kwa hiyo anzeni kwa kufuatilia hati tangu mwanzo, na yule anayeuza leo asiruhusiwe kuuza uwanja kabla ripoti ya udongo haijaambatanishwa na mkataba. Hilo pekee hushusha bei ya ardhi chafu hadi kiwango chake cha kweli, na tofauti hiyo ndiyo fedha ya kusafishia.

Pale ambapo ardhi ni ya umma, msiiuze yote kwa pamoja. Hamburg iliweka ardhi yake ya bandari katika mfuko maalumu, na mapato ya viwanja yakajenga barabara, madaraja na kingo. Mjenzi alichaguliwa kwa ubora wa wazo lake, alipewa muda wa kukamilisha michoro pamoja na mji kabla ya kulipa, na akizembea kiwanja kilirudi. Kwetu inafaa lizi yenye masharti: tarehe ya kuanza, sehemu ya nyumba za bei nafuu, na ufukwe kubaki wazi kwa kila mtu.

Bomba la maji taka lije kabla ya ghorofa ya kwanza. Stockholm, katika mtaa wake wa Hammarby Sjöstad uliojengwa juu ya eneo la viwanda, ilipanga maji taka, takataka na nishati kwa pamoja kabla ya kujenga, na maji taka yake hutoa gesi ya kupikia na ya mabasi. Mabomba yao ya kuvuta takataka kwa upepo sikushauri uyaige, kwani ni ghali kuyatunza. Iga mpangilio wa kazi.

*Mhariri, sisi kina mama wa Kitintale tumepewa ruhusa ya kulima nakati na dodo (mboga za majani) kwenye uwanja wa kiwanda cha zamani mpaka utakapojengwa. Tuendelee?*

Kina mama, simamisheni kwanza kilimo cha ardhini. Mboga za majani hunyonya kadimi kwa urahisi, na risasi hushikamana na majani pamoja na vumbi, hata ukiyaosha. Pelekeni udongo kupimwa. Wakati mnasubiri, limeni kwenye magunia au matuta ya mbao yaliyojazwa udongo kutoka mahali mnapopajua, chini mkitandika turubai lenye matundu machache ya kutolea maji, na mwagilieni kwa maji ya bomba au ya mvua, si ya mfereji. Watoto wanawe mikono kila wanapotoka hapo, na viatu vya shambani vibaki nje ya nyumba.